Usiningoje, Vedran

"Usije sasa hivi," Drande alisema kwenye simu. Alikuwa ananong'ona. "Baba zangu wadogo wamefika wote. Wamejifungia sebuleni na baba, na shangazi Leze yuko jikoni, anajifanya anapika kahawa kumbe sikio liko mlangoni."

Vedran alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, shati jeupe limekwisha kupigwa pasi, tai shingoni bado haijafungwa. Alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima na usiku wake kutoka Rijeka, Kroatia, hadi Shkodra, Albania, kwa ajili ya asubuhi hii moja. Maua aliyonunua alikuwa ameyaweka kwenye sinki la bafuni yasinyauke.

"Si ulisema nije asubuhi?"

"Nilisema. Baba kabadilisha. Anasema hampokei mtu kabla ukoo haujakaa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Zunguka mjini. Jifanye mtalii. Kuna makumbusho ya picha, kuna ile nyumba ya kale, kuna ngome. Angalia-angalia vitu. Ila mtaani kwetu usipite, nakuomba. Huku kila dirisha lina macho."

"Drande, mtu mzima kama mimi naambiwa nikacheze nje, wakubwa wanaongea?"

Alicheka, kicheko kile cha puani ambacho Vedran alikipenda kuliko nyimbo zote. "Ndiyo. Kacheze nje. Usichafue nguo."

Simu ikakatika.

Walikuwa wamependana mahali ambapo hakuna mtu anayetarajia kupenda. Mama yake Vedran alimalizia siku zake katika nyumba ya wazee kule Rijeka, na Drande ndiye aliyekuwa muuguzi wake. Kila jioni Vedran, fundi wa injini za meli, alifika na mikono inayonuka dizeli, akakaa upande mmoja wa kitanda. Drande alikaa upande wa pili, akimlisha mgonjwa supu kijiko kwa kijiko huku akimtania kwa Kikroatia chake cha kuvunjika. Mama alipokufa, Vedran aliendelea kwenda pale jioni. Hakuwa na mgonjwa tena. Wauguzi wenzake Drande walimcheka mpaka akaacha kuona haya.

Tatizo lilikuwa moja. Vedran aliwahi kuoa. Mkewe alimwacha zamani, akaolewa na mwingine, mahakama ikamaliza mambo yao. Lakini Mzee Pjerin, baba yake Drande, alikuwa Mkatoliki wa Shkodra wa kizazi cha zamani. Kwake yeye, mtu aliyefungishwa ndoa kanisani ni mume wa mtu mpaka mmoja wao azikwe. Mbele ya macho yake, Vedran alikuwa mume wa mke mwingine anayekuja kumtaka binti yake. Kesi ya kuomba kanisa liibatilishe ndoa ile ilikuwa bado haijaamuliwa.

Kisha kiangazi Drande akaitwa nyumbani, kwa kuwa mama yake, Tereze, alikuwa anaumwa. Kidonda cha tumbo tu, walimwambia, kitapona. Akaenda kwa wiki chache. Sasa ilikuwa Novemba na hakuwa amerudi.

Mvua ilikuwa inanyesha ile mvua ya ziwani isiyo na haraka. Watu walipita kwa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mwavuli, wakisalimiana bila kupunguza mwendo. Vedran aliingia kwanza kwenye nyumba ya kale, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Ilikuwa nyumba ya tajiri fulani wa zamani. Ghorofani kulikuwa na chumba cha wageni chenye dari ya mbao za kuchongwa na meko makubwa meupe. Mlinzi, mzee mwenye shali, alimwonyesha kwa kidole mahali mwenye nyumba alipokuwa akikaa, mahali pa mgeni wa heshima, na mahali pa mgeni asiye na heshima, karibu na mlango. Juu, karibu na dari, kulikuwa na kiroshani kidogo chenye matundu.

"Wanawake," mzee akasema kwa Kitaliano. "Walikuwa wanachungulia kutoka pale. Wanamwona mgeni, mgeni hawaoni."

Vedran alitazama kile kiroshani kwa muda mrefu. Alijiuliza kama Drande yuko nyuma ya ukuta wakati huu, akisikiliza wanaume watano wakimjadili kama shamba lenye kesi. Alishindwa kuendelea kukaa mle. Alimshukuru mzee, akatoka bila kuona kisima wala ghala.

Makumbusho ya picha yalikuwa tupu. Kuta zilijaa sura za watu waliokufa zamani: wafanyabiashara wenye masharubu, watoto waliovalishwa kama watu wazima, mapadri. Vedran alisimama mbele ya picha ya maharusi. Mume alikuwa amesimama kifua mbele. Mke alikuwa amekaa, macho chini.

"Mwangalie mikono," sauti ilisema nyuma yake, kwa Kitaliano.

Alikuwa mwanamke aliyevaa koti jeusi lililomzidi, kitambaa kichwani, ameegemea ukuta kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Samahani, mama?"

"Huyo bibi harusi. Mikono yake. Kakunja ngumi. Mpiga picha kamwambia atulie, katulia mwili mzima, ila mikono haikusikia." Alivuta pumzi. "Hebu nipishe nikae, Vedran, kabla sijakuangukia."

Vedran alimshika kiwiko, akamkalisha kwenye benchi. Mkono ule ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Alipomtazama usoni aliiona pua ya Drande, na kidevu cha Drande.

"Mama Tereze."

"Nilimsikia Drande kwenye simu akikutuma huku, nikawaaga naenda kanisani. Sijui leo nimemwongopea nani zaidi, mume wangu au Mungu." Alimpima kwa macho kuanzia viatu hadi nywele. "Nilidhani una mvi zaidi. Drande anasema una sauti ya upole. Hebu sema kitu."

"Niseme nini, mama?"

"Basi, inatosha. Kweli unayo." Alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Tai yako imekaa upande. Njoo."

Vedran aliinama, naye akamfunga tai vizuri, polepole, kama mtu anayemwandaa mwanawe kwenda shule. Karibu hivyo, Vedran aliyaona macho yake. Weupe wa macho haukuwa mweupe. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa muda wa kutosha kujua maana yake.

"Si kidonda cha tumbo," akasema.

"Hapakuwa na kidonda. Ni ini. Daktari wa Tirana alimwambia Ndue, mwanangu, na Ndue nilimshika sikio kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo mpaka akasema. Mume wangu anajua. Drande hajui."

"Mama, Drande ni muuguzi."

"Ni muuguzi wa watu wengine. Kwangu ni mtoto. Mimi naficha, naye ananisaidia kuficha." Alishika mkono wake. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sikukatai. Ingekuwa juu yangu, ungekuwa unakunywa kahawa nyumbani sasa hivi. Lakini namjua binti yangu. Wakisema hapana, atafunga mfuko wake akufuate. Na mume wangu atafunga mlango nyuma yake. Atafunga huku analia, namjua, lakini atafunga. Nami nitakufa mlango ukiwa umefungwa."

Vedran alitazama tena ngumi za bibi harusi pichani.

"Niachie mwanangu. Si siku nyingi. Rudi kwenu leo, mwambie kazi imekuita, mwambie umebadili mawazo, mwambie lolote. Ila hili usimwambie."

"Unataka nimdanganye."

"Nataka aendelee kuniangalia hivi anavyoniangalia. Tunagombana kwa chumvi ya supu, ananikemea kwa kusahau miwani. Akijua, nitakuwa mgonjwa wake. Atanisemesha kwa ile sauti yao ya hospitali."

"Siwezi kukuahidi, mama."

"Sijaomba uahidi. Nimekuomba tu." Alimpigapiga shavuni, akainuka, akakataa kusindikizwa. Mlangoni aligeuka. "Na yule mama yako, Drande anamwota mpaka leo. Alimpenda sana. Nilimwonea wivu, unajua?"

Akatoka. Vedran alibaki kwenye benchi mpaka kikaja kikundi cha wanafunzi kikajaza chumba kwa makelele.

Alitembea kuelekea ngomeni kwa miguu, njia ndefu, mvua ikimwingia kwenye kola. Chini ya kilima alisimama kwenye msikiti wa kale wenye kuba zilizoezekwa kwa madini ya risasi, ua wake umejaa maji, akajaribu uongo mmoja mmoja kama mtu anayejaribu viatu dukani. Kazi imeniita. Nimefikiri upya. Nimezungumza na mke wangu wa zamani. Kwa kila mmoja aliuona uso wa Drande ukiupokea, na kila mmoja ulimbana.

Mawe ya njia ya kupanda ngomeni yalikuwa yamelainishwa na miguu ya karne nyingi, na mvua iliyafanya yateleze kama sabuni. Ndani kulikuwa na makumbusho madogo, akaingia, akatoka, na angeulizwa ameona nini asingeweza kutaja hata chungu kimoja. Alipanda juu ya ukuta. Mito ilikuwa imefurika na kuungana na ziwa, na mashamba yalikuwa yamezama, miti imesimama kwenye maji mpaka kiunoni.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Sauti ya Drande haikuwa ya kunong'ona tena.

"Ngomeni."

"Kaa hapo hapo."

Alifika akisukuma baiskeli, nywele zimemgandia usoni, begi dogo mgongoni. Aliitupa baiskeli kwenye majani akamkimbilia. Vedran aliinusa shingo yake, mvua na sabuni na kahawa ya nyumbani kwao, na mwili wake wote ukakumbuka miezi yote aliyolala peke yake.

"Usianze na ile hadithi ya bibi harusi aliyejengewa ndani ya ukuta huu akiwa hai ili ngome isianguke," Drande alisema kifuani pake. "Kila mgeni akifika hapa ananiuliza."

"Sikutaka kuiuliza."

"Vizuri. Ungeniuliza ningekuacha." Alijitoa kidogo amtazame. Macho yake yaliwaka. "Nimetoka, Vedran. Baba mdogo Gjon kasema wewe ni bidhaa iliyorudishwa dukani. Kasema hivyo, mbele ya wote, na shangazi jikoni kacheka! Ndue kakutetea mpaka sauti imemkauka. Baba kimya, anaangalia zulia. Nikasema moyoni, wataangalia zulia mpaka nizeeke. Nikapitia dirisha la stoo kama mwizi."

"Na begi?"

"Pasipoti, nguo mbili, na mswaki. Kuna basi la kuvuka mpaka kwenda Podgorica jioni. Twende."

Neno moja tu lilihitajika. Lilikuwa mdomoni mwake tayari. Alimtazama Drande, matone kwenye kope zake, midomo imefunguka kidogo ikingoja, na akajua kwamba hajawahi na hatawahi kutaka kitu kama alivyotaka kusema neno lile.

"Mbona kimya? Vedran?"

"Mama yako alikuja kuniona."

"Mama? Mama yuko kanisani."

"Alikuja makumbusho ya picha. Drande, keti."

"Siketi. Sema."

Akamwambia. Hakuongeza wala kupunguza. Drande alisikiliza bila kupepesa macho, na alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya wodini.

"Ini?"

"Ini."

"Macho yake leo yalikuwaje?"

"Ya manjano."

Drande aliitikia kwa kichwa. "Nimeyaona. Jumapili jikoni. Nikasema ni taa." Akarudia taratibu, "Nikasema ni taa. Mimi. Ningekuwa kazini, mgonjwa wa namna ile ningemtambua toka mlangoni."

Alikwenda mpaka ukingo wa ukuta, akarudi. Ndipo hasira ikaja.

"Kwa nini umeniambia? Kakuomba usiniambie!"

"Ungejua siku moja."

"Ndiyo, ningejua! Siku hiyo ningekuchukia, sawa! Lakini si leo. Leo nilikuwa na furaha. Nimepanda kilima hiki chote nikiwa na furaha, umesikia? Ungenyamaza tu. Ungesema twende." Alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara ya pili, ya tatu haikuwa na nguvu. Vedran alimkumbatia, naye akalia kwa sauti, kilio kibaya, cha kukoroma, cha mtu asiyejali nani anasikia.

"Rudi kwake," Vedran alisema. "Mimi nitangoja. Mwaka, miaka miwili, yoyote itakayokuwa. Nitangoja."

Drande akatulia. Akajitoa mikononi mwake, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Hapana."

"Sijali ni muda gani."

"Hujanielewa. Nimeuguza watu, Vedran, nimewaona watoto wao. Hata wanaopenda kwa moyo wote. Wanamshika mzazi mkono, na jicho moja liko kwenye saa ya ukutani. Ukiwa unaningoja, kila asubuhi nitakayoingia chumbani nimkute mama anapumua, kitu fulani ndani yangu kitasema, bado. Unaelewa? Bado. Sitaki neno hilo. Sitaki kumuuguza mama yangu kama mtu anayengoja basi."

"Drande..."

"Usiningoje. Usinipigie, usiniandikie. Nataka nikae naye nikiwa sina mahali pengine pa kwenda." Alimshika kola. "Niahidi. Wewe ukiahidi unatimiza, ndiyo maana nilikupenda."

Upepo ulipita juu ya ukuta. Vedran alifikiri juu ya mama yake mwenyewe, jioni zile, supu ile. Aliwahi kuangalia saa? Aliwahi.

"Nakuahidi," alisema.

Drande alimshika uso kwa mikono yote miwili, akambusu kwenye paji la uso, kwenye macho, mwisho mdomoni, akakaa hapo. Halafu akaokota baiskeli yake kutoka majanini. Aliteremka akiishikilia isimponyoke kwenye mawe yanayoteleza, begi likimruka mgongoni, na kwenye kona ya lango akapotea.

Vedran alikuwa amefika chini, karibu na daraja la mto Buna, gari la zamani la kijani lilipofunga breki mbele yake na kumrushia maji.

"Shemeji!" Ndue, kaka yake Drande, alifungua mlango kutoka ndani. Alikuwa na sauti iliyokauka kweli na uso unaong'aa. "Panda! Nimekutafuta makumbusho yote, kumbe uko huku unahesabu samaki. Panda upesi, mzee kakubali!"

Vedran alipanda.

"Kakubali nini?"

"Kakubali wewe! Baba mdogo Gjon kanuna kama mbuzi. Nilimwambia, nikasema, afadhali bidhaa iliyorudishwa kuliko wewe ambaye hujawahi kununuliwa. Shangazi kaangusha kikombe! Halafu baba akainua kichwa, akasema, mleteni nimwone uso. Kavaa koti lake la sherehe. Kahawa iko mezani." Kisha Ndue akapunguza sauti, akaweka mkono begani kwa Vedran. "Kuna sharti moja. Nakwambia wewe, Drande bado hajui. Mama hatapona. Baba anasema, mama akiwa hai, Drande hatoki nyumbani. Mama akishaondoka, na mwaka wa msiba ukipita, na kesi yako ya kanisani ikimalizika, atakupokea mlangoni kama mwana. Kungoja tu, shemeji. Si kitu, eh? Kungoja tu."

Kifuta kioo kilikwenda na kurudi.

Kikombe kimoja cha kahawa, na angekuwa mchumba halali. Ukoo mzima ungejua, Tereze angejua, na kila asubuhi Drande angeamka ndani ya nyumba ile akiwa na mtu anayemngoja ng'ambo ya kifo cha mama yake.

"Siendi, Ndue."

"Unaogopa? Gjon habweki akishakula."

"Mwambie mzee nimemshukuru sana. Mwambie siwezi kungoja."

Ndue alizima injini. "Sema tena."

"Siwezi kungoja."

"Mama yangu anakufa," Ndue alisema polepole, "na wewe huwezi kungoja."

Angeweza kumweleza. Lakini Ndue angeyapeleka yote mezani kwenye kahawa ile, na wote, kwa upendo, wangemgeukia Drande wakimsihi akubali. Alichoomba juu ya ukuta kingekuwa mali ya ukoo kabla ya chakula cha jioni. Vedran alifumba mdomo.

"Nimemtukana baba yangu mdogo kwa ajili yako," Ndue alisema. "Mbele ya wazee. Alisema utakimbia, nikamwita mjinga." Alinyoosha mkono, akafungua mlango upande wa Vedran. "Shuka kwenye gari langu."

Vedran alishuka. Gari liligeuka kwa fujo, likarudi mjini, ambako wazee walikuwa bado wamekaa, macho yao yakiwa mlangoni.

Alianza kutembea kuelekea stendi. Hakuwa amefika mbali simu ilipolia mfukoni. Aliitoa. Lilikuwa jina la Drande, linawaka na kuzimika chini ya matone ya mvua. Pengine alikuwa amefika nyumbani akaambiwa habari ya baba yake. Pengine alikuwa amebadili mawazo. Pengine alitaka tu kusikia sauti.

Vedran alisimama kando ya barabara, simu kiganjani, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe.